Siku mbili Cooktown: gari zuri, hadithi wameikata

Kampuni iliyotupeleka ziara ya siku mbili Cooktown, kaskazini mwa Queensland, Australia, nimewapa nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya mzee aliyepanda nasi siku ya pili, si ya kampuni.

Tuliondoka Cairns saa kumi na moja alfajiri, watu tisa. Gari safi, kiyoyozi kinapuliza, magoti hayabanwi. Barabara inaitwa Mulligan, jina la yule mtu aliyetangaza dhahabu ya Mto Palmer mwaka 1873. Dereva ndiye kiongozi pia, na kwa dhahabu hana mpinzani: wakia 102 alizorudi nazo Mulligan, meli zilizomwaga watu Mto Endeavour miezi michache tu baadaye, mji wa Cooktown ukaota pale pale. Mimi mtu wa Geita, habari za rashi, watu kukimbilia dhahabu, nimekua nazo; nilisikiliza kwa raha. Nikauliza, na wenye ardhi je? "Kulikuwa na migogoro kidogo," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake tulipita maporomoko ya Isabella, tukala vumbi hadi Battle Camp, yaani Kambi ya Vita. Hapo mzee akachukua zamu. Ni Mguugu Yimithirr, mmoja wa Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia; ni watu ambao Wazungu walichukua kwao neno kangaruu. Alichuchumaa, akachora mavumbini kwa kijiti njia ya msafara wa wachimbaji na maofisa wa serikali waliokuwa wakienda Palmer, Novemba 1873. Wenyeji waliwavamia na mikuki, bunduki zikajibu. Waliokimbia wakafuatwa hadi kwenye madimbwi walimotumbukia kujificha, wakapigwa risasi humo humo majini. Mmoja wa wachimbaji alikuja kuyaandika mwenyewe. Kijiti kilipofika kwenye dimbwi, mzee akaacha kuchora.

"Hii nayo mnaiita vita?" akatuuliza.

Akatueleza na kile kikosi cha polisi wenyeji: vijana Waaborijini waliotolewa mbali, wakiongozwa na maofisa Wazungu, kazi yao kusafisha njia za wachimbaji, yaani kuwaondoa wenyeji kwa nguvu. Alikuwa bado anaongea kiongozi akaanza kugonga saa yake, eti chakula cha mchana. Chakula chenyewe sandwichi za kuku zilizolowa! Mzee alipewa dakika ishirini, Mulligan alipewa saa nne nzima.

Kabla hujalipa, uliza kama mzee yupo siku hiyo. Na beba maji yako, ya kwao yaliisha kabla ya saa sita.