Sayari ya Zohali: darubini yako au picha za Cassini?

Ubishi huu hauishi tukikaa ufukweni Mikindani usiku. Kwa gharama, Cassini, chombo cha anga kilichotumwa Zohali, inashinda bila jasho: NASA, shirika la anga la Marekani, huzitoa picha zake bure, wewe unalipia bando tu. Darubini ya kukuza mara 50 hivi, inayotosha kuonyesha pete za Zohali, ni pesa ya kudunduliza, na hewa yetu ya chumvi haiihurumii. Yangu niliisahau barazani wiki moja tu, skrubu zikashika kutu.

Kwa undani hakuna mashindano. Cassini ilimzunguka Zohali kuanzia 2004 hadi Septemba 2017, ikanasa mvuke na chembe za barafu zikifoka kutoka ncha ya kusini ya mwezi Enceladus. Kwenye darubini yangu Titan, mwezi wa Zohali ulio mkubwa kuliko sayari ya Utaridi, ni kitone. Tena wingu likitanda, ndiyo umelala mapema.

Lakini mpwa wangu alipoziona pete, alikwenda kuchungulia mbele ya lenzi akidhani nimebandika picha! Simu haijawahi kumfanyia hivyo.

Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini, chukua Cassini. Wewe mwenye wawili na giza zuri la kijijini Lindi, dunduliza ununue darubini, na kitambaa cha kuifunika.