TAHADHARI: Adapta za MoCA za yule kijana wa Kariakoo ni taa tupu

Jamani, msinunue adapta za MoCA, yaani viboksi vya kupitisha intaneti kwenye waya wa dishi, kwa yule kijana wa vifaa vya dishi na kamera Kariakoo. Ameniliza shilingi 280,000 na naandika hapa huku nimefura.

Kwangu WiFi haifiki vyumba vya juu. Waya wa dishi umezikwa ukutani tangu nyumba inajengwa, dishi lenyewe halipo tena. Adapta moja kwenye ruta, nyingine juu, intaneti inapita kwenye huohuo waya wa dishi (koaksi) bila kubomoa ukuta. Jambo hili lipo na linafanya kazi, asiniambie mtu nilifuata ndoto.

Dukani kijana akanipa kiti, akaagiza maji. Akatoa viboksi viwili vyeusi, kila kimoja taa tatu za kijani, akavichomeka kwenye umeme. Akakaza kipande cha waya huku na huku kwa vidole, taratibu, akachomeka kebo kwenye laptop yake na kupima kasi: Mbps 94. "Kaka, umeona mwenyewe, sijakwambia mimi." Na alikuwa anajua kazi! Akanitajia masafa ya MoCA, 1125 hadi 1675 MHz, akaniambia spliita yangu (kile kigawanyi cha waya) iliyoandikwa 5-1000 MHz itayakaba, ninunue mpya. Hayo yote ni kweli. Mtu anakupa ukweli mtupu namna hiyo, utamshukuje?

Nyumbani taa zote kijani, intaneti hakuna. Nimebadilisha spliita, nimebadilisha koneketa, wapi! Fundi akafungua kiboksi kimoja: taa, rezista, na nyaya mbili zilizolehemiwa kutoka tundu la kebo moja kwa moja hadi kwenye koneketa ya koaksi. Chipu hata moja hamna. Nikarudia video niliyopiga dukani nimwoneshe mama watoto. Alama ya WiFi iko pale pembeni ya skrini, laptop inakula intaneti ya duka! Nimeona haya mbele ya fundi wa watu.

Nilipompigia yule kijana akasema nimeviunguza mwenyewe. Sasa kwangu hapatikani, ila ukimpigia kwa namba nyingine: "Karibu boss, mzigo upo." Mwizi mkubwa!

Mkienda kwa wengine, angalieni taa ya koaksi. Haitakiwi kuwaka mpaka adapta mbili zikutane kwenye waya. Za huyu zinawaka hata kabla hajafunga kitu. Akikwambia uchanganye na dishi linalofanya kazi kwenye waya huohuo, ondoka, maana LNB, kile kichwa cha dishi, inateremsha mawimbi kwenye masafa ya 950 hadi 2150 MHz na yatagongana na ya MoCA. Risiti ya EFD pia hatoi, eti mashine mbovu.

FCC (Tume ya Ushindani) na TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) wafike pale, mzigo wote uteketezwe na yeye alale ndani. Faini haitoshi, atairudisha kwa wateja wawili tu. Video ninayo, viboksi ninavyo. Aliyelizwa kama mimi aje inboksi, Jumatatu asubuhi tunakwenda wote kituo cha Msimbazi.