Kadi ya Grant Fuhr ya 1982-83: uzuri uliozidi kiasi

Majira ya baridi kama mawili yaliyopita, katika duka moja hapa Edmonton, Kanada, niliuziwa kadi ya kukusanya yenye picha ya Grant Fuhr, golikipa wa hoki ya barafuni, ile namba 105 ya kampuni ya O-Pee-Chee, na kosa lake kubwa ni kwamba kingo zake zilinyooka mno. Ningeshtuka palepale, kwa kuwa kadi za kampuni hiyo za miaka ile zina kingo zenye manyoya manyoya, utadhani zimetafunwa na panya, ilhali yangu ilikuwa laini pande zote nne kama kadi ya benki. Nyumbani niliilaza juu ya kadi nyingine ya msimu uleule, nikaona imepungua kama milimita moja. Kuna mtu aliipitisha wembe ili ionekane mpya, na kadi iliyopunguzwa hivyo wapimaji wa ubora wa kadi huirudisha bila kuipa alama yoyote.

Nilirudi dukani siku ya pili, au pengine wiki ya pili, nikasalimu kwa adabu na kueleza shida yangu. Muuzaji, bila kuinua macho kwenye simu yake, alijibu kwamba kilichouzwa hakirudi, kisha akaniuliza "mtu kama mimi" nimeanza lini kufuatilia hoki ya barafuni. Ananiuliza hivyo nami nimeshika kadi ya mtu mweusi aliyelelewa Spruce Grove, mwendo wa gari wa kama nusu saa kutoka kaunta yake!

Kwa faida yake, kama anasoma Kiswahili: golikipa huyo, katika msimu wake wa kwanza, alicheza michezo 23 mfululizo bila kushindwa. Alitwaa Kombe la Stanley, la mabingwa wa ligi ya NHL, mara 5 na timu ya Edmonton Oilers, ingawa lile la 1990 alikuwa majeruhi na langoni alisimama Bill Ranford. Msimu wa 1987-88 alidaka michezo 75 na kupewa tuzo ya Vezina, ya golikipa bora wa ligi. Mwaka huohuo wa 1990 ligi ilimfungia kwa sababu ya dawa za kulevya, na wengi wakadhani habari yake imekwisha. Lakini msimu wa 1995-96, akiwa na umri wa miaka 33, alidaka michezo 79 kati ya 82 kwa timu ya St. Louis Blues. Mwaka 2003 akawa mchezaji wa kwanza mweusi kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Hoki. Mtu wa namna hiyo ndiye waliyemnyoa kwa wembe.

Nilikusudia kuwaambia msiinunue kadi hii kabisa. Hata hivyo nitakuwa nadanganya, kwa sababu jamaa mmoja alitaka kuichukua kwa nusu ya bei niliyoinunulia, akijua kasoro yake, nami nikajikuta nairudisha mfukoni kabla hajamaliza kuhesabu noti. Inunueni, ila nendeni na rula, na kingo zikiwa safi kupita kiasi ondokeni bila kuaga.

Duka nalipa nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi. Kadi nilikuwa nimeipa nne, lakini jana usiku niliipima tena, hasira ikanipanda upya, nikaishusha hadi tatu.