Mji nimetoa, maelezo nimenyimwa: uzoefu wangu na mafumbo ya Jumamosi

Msilipe. Naanza na hilo kwa sababu bado nina hasira. Huenda nikifika chini nikabadili kauli, lakini kwa sasa hilo ndilo neno langu.

Kuna huduma hapa Nairobi, jina lake sitalitaja, inayotuma fumbo la maneno kwa WhatsApp kila Jumamosi asubuhi. Unalipa shilingi 150 kwa mwezi kwa M-Pesa, unatumiwa jedwali na vidokezo, kisha Jumatano unatumiwa majibu. Si chemshabongo ya kawaida, ile ya "mji mkuu wa Uganda, herufi 7". Haya ni mafumbo ya mtego, mchezo ambao Waingereza wameushikilia karibu miaka 100 sasa, na hawa wa kwetu wameuleta kwa Kiswahili. Siku ya kwanza waliniahidi, na ujumbe wenyewe ninao kwenye simu mpaka leo: "majibu pamoja na ufafanuzi". Huo ufafanuzi ndio ulionitoa pesa. Majibu matupu nisingeyalipia hata shilingi 10.

Kwa asiyeujua mchezo, niseme kidogo. Karibu kila kidokezo kina sehemu mbili. Moja ni maana ya kawaida ya jibu, nayo hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa mwa sentensi, haikai katikati. Ile nyingine ni mchezo wa herufi au wa maana unaokufikisha kwenye jibu lile lile kwa njia ya pili. Ukipata njia zote mbili zikakutana, huna haja ya kusubiri Jumatano, unajua umepata. Mfano, na namba ya mwisho ni idadi ya herufi za jibu: "Safari ikivurugika, mpande huyu (6)". Chukua herufi za SAFARI uzivuruge, utapata FARASI. Zihesabu mwenyewe, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Mwingine: "Mnyama wa kulewesha (5)". Hapo hakuna kuvuruga chochote, ni neno moja lenye maana mbili: TEMBO, yule wa Tsavo na yule wa kugemwa mnazini.

Kuna kimoja nilikipata wiki ya pili kikanifanya niwapigie debe kwa kila mtu pale Kirinyaga Road ninapouza vipuri. "Kata mua: ndani ni kama asali (4)". Nilikaa nacho tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Mteja anaulizia brake pad, mimi nawaza mua. Mwishowe kijana wa duka la pili akaniambia, mzee, si wamesema ndani? Nikayatazama yale maneno mawili kama herufi tu, bila kuyasoma: kaTA MUa. TAMU! Limelala pale katikati, na sentensi yote inasema kweli, kwa maana ukikata mua ndani kweli ni kama asali. Nilimshika mkono yule kijana. Sijaona kitu kizuri namna ile kimeandikwa kwa maneno sita.

Kwa hiyo mnielewe. Sikuingia kwenye huduma hii nikitafuta kosa.

Sasa ile Jumamosi. Nilikuwa ndani ya matatu ya Umoja, Jogoo Road imefungana, na fumbo zima nilikuwa nimelimaliza isipokuwa 17 mlalo, yaani neno namba 17 kati ya yale yanayolala: "Ni ndani ya kasa, mahali pa kusali (6)". Kwanza niliwaza HEKALU, herufi 6 zimetosha. Lakini maneno ya wima yalikuwa yameshanipa herufi ya kwanza K, ya tatu N, ya tano S, na hekalu haliingii hapo hata ulisukume. Hapa nieleze jambo ambalo mtu haligundui mpaka acheze kwa Kiswahili. Katika majedwali haya, mraba mmoja hukutana na neno jingine, unaofuata haukutani. Na maneno yetu mengi konsonanti na irabu hupokezana. Basi ukiwa na bahati unapewa konsonanti zote za neno, na ukikosa bahati unapewa irabu tupu. Mimi siku hiyo nilikuwa na bahati. Ningepewa A, I, A, ningekesha. Kwa K, N, S na mahali pa kusali, hata mtoto angeandika KANISA.

Nikaandika KANISA. Na hapo ndipo nilipoanza kuumia, kwa sababu jibu nilikuwa nalo lakini sikujua limetoka wapi. Kasa ndiyo nini? Mimi ni mtu wa bara. Nilidhani wamekosea kuandika, walitaka kusema kasha. Nikajaribu kuingiza hiki na kile ndani ya kasha, wapi. Wasiocheza mchezo huu hawajui jinsi jambo hili linavyosumbua. Ni kama kupewa chenji kubwa kuliko unayodai: pesa ziko mkononi lakini roho haitulii mpaka ujue hesabu imekwendaje.

Jumatano ikafika. Majibu yakaja. 17 mlalo: KANISA. Basi. Na mengine yote vivyo hivyo, neno baada ya neno, hakuna hata mstari mmoja wa maelezo. Wiki za mwanzo walikuwa wakifafanua vizuri, kisha wakafafanua machache, sasa hakuna.

Nikapiga ile namba ya huduma kwa wateja. Akapokea kijana, kwa sauti tu nilijua ni mdogo kwangu.

"Habari ya asubuhi, ndugu. Mimi ni mteja wenu. Naomba unieleze 17 mlalo, hilo kanisa limepatikanaje."

"Jibu si umeliona?"

"Nimeliona. Hata mimi nilikuwa nimeandika hilo hilo. Ninachotaka ni njia."

"Sasa boss, kama ulipata, shida iko wapi?"

Nikamwambia shida ni kasa, na kwamba nadhani kuna kosa la uchapaji. Hapo akacheka. Si kicheko cha urafiki, ni kile cha kumcheka mtu. Akasema, na namnukuu: "Kama Kiswahili kinakulemea kuna mafumbo ya watoto. Ama nenda hilo kanisa ukaombe." Akakata simu.

Mimi nina watoto wa sekondari. Nilisimama na simu sikioni nikisikia kimya. Nikapiga tena, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe wa heshima kabisa, nikamkumbusha ahadi yao ya ufafanuzi. Tiki mbili za bluu. Hakujibu, na hajajibu mpaka leo.

Siku ile kila kitu chao kikanichukiza. Jedwali nikaliona baya, mwandiko mdogo, bei kubwa. Nikaona hata ule mua wa wiki ya pili walibahatisha tu. Nilikusudia kuandika haya siku ile ile, na ningeandika maneno makali kuliko haya.

Kilichonichelewesha ni mahamri. Karibu na steji yetu Umoja kuna mama mmoja mzaliwa wa Lamu, anauza mahamri na mbaazi asubuhi, sote tunamwita Bi. Nikapita kwake siku chache baadaye, na kwa kuwa neno lile halikuwa limenitoka kichwani, nikamuuliza, "Bi, kasa ni kitu gani?"

Akanitazama kama niliyemuuliza maji ni nini. "Kasa humjui, mwanangu? Kobe wa baharini huyo! Wapanda ufuoni usiku kutaga mayai mtangani." Kisha akanieleza tofauti yake na ng'amba, ambaye naye ni wa baharini, lakini huyo ndiye mwenye lile gamba zuri lililokuwa likitengenezewa vitana na mapambo. Nchi kavu ndiko kuna kobe. Mimi miaka yote nilidhani wote ni kobe.

Nikiwa bado nimeshika hamri, ikanijia. Kasa ni KASA, herufi nne. Na lile "Ni" la mwanzo wa sentensi, ambalo nililipita kila mara kwa sababu ni neno dogo tunalolitumia kuunganisha tu, halikuwa la kuunganisha. Lilikuwa ni kitu. Ni, ndani ya kasa. Pasua KASA katikati, weka NI: KA-NI-SA. Mahali pa kusali. Hakuna kosa la uchapaji, hakuna neno lililozidi. Wale watunzi wa Uingereza wanaofuata mkondo wa Ximenes, mtunzi wao mashuhuri wa zamani, wanashikilia kwamba kidokezo kiwe na maana sahihi na mchezo wa haki, na kisiwe na kitu kingine cha ziada. Hiki kimetimiza yote hayo kwa maneno saba, na kwa mojawapo ya maneno madogo kabisa katika lugha yetu mtunzi wake akaniteka siku zote hizo.

Nikamweleza Bi. Akapiga makofi. "Kumbe ni kitendawili! Nitegee kingine."

Nikamtegea kilichonishinda wiki iliyotangulia: "Lima kinyume, upate utajiri (4)". Mimi nililigeuza LIMA herufi kwa herufi nikapata AMIL, nikaona si kitu. Bi hakufikiri hata kidogo. "Mali." Akaniambia kinyume ni mchezo wa zamani wa Pwani, walikuwa wakizungumza hivyo utotoni ili wakubwa wasiwaelewe: silabi ya mwisho unaileta mbele. Nyumba inakuwa mbanyu. Lima inakuwa mali. Lakini mtunzi huyu huyu, mahali pengine, ameandika "Amani ikirudi, shusha kichwa (5)", na hapo ni herufi kwa herufi kutoka mwisho: INAMA. Nikarudi kwenye mafumbo yote niliyohifadhi kuhakikisha. Anaposema kinyume anamaanisha silabi, anaposema kurudi anamaanisha herufi, na sijaona mahali alipokosea. Mtu huyu ni fundi. Nasema lipeni, lipeni hata 300.

Na hapa hasira inanirudia, na imekuwa kubwa zaidi. Ningekuta kidokezo kile kibovu ningesamehe, ningesema hawakutaka aibu yao ionekane. Lakini walikuwa na kitu kizuri namna ile mkononi, walihitaji mstari mmoja tu wa maelezo, wakaniacha niamini wamekosea. Ni watu wangapi waliojaza KANISA kwa kubahatisha kama mimi, wakapita, wasijue walichopita?

Sisi kutega na kutegua hatukujifunza kwa mtu. Muyaka bin Haji alikuwa akifumba mashairi yake Mombasa kabla ya mtu yeyote kuchora jedwali la kwanza la maneno, lile la Arthur Wynne kule New York mwaka 1913. Na kila mtoto anajua utaratibu. Kitendawili! Tega! Ukishindwa, mtegaji anasema nipe mji. Unampa Mombasa, au Kisumu, mji wowote mkubwa. Akishaupokea, lazima akutegulie. Hajazaliwa mtegaji wa kuchukua Mombasa akaondoka nayo na jibu. Shilingi 150 zangu ndizo Mombasa niliyowapa.

Rafiki yangu mmoja aliyekaa London ameniambia nisiwe mkali, kwamba hata huko gazeti kwa kawaida huchapa majibu matupu, na wachezaji ndio hufafanuliana wenyewe kwa wenyewe. Nimelifikiria sana hilo. Ni kweli, na nusu ya hasira yangu ilitaka kupoa. Lakini gazeti la London halikuniahidi kitu. Hawa waliniahidi kwa maandishi. Na hakuna gazeti lililoniambia niende kanisani nikaombe.

Sijui kama mtunzi na yule wa simu ni mtu mmoja. Naomba Mungu wasiwe mmoja. Kama mtunzi atasoma haya, ndugu yangu, au dada, kazi yako naiheshimu kwa moyo wote. Andika wewe mwenyewe ule mstari mmoja chini ya kila jibu, usimwachie mtu mwingine.

Mwezi wangu uliisha wiki iliyopita. Nilikuwa nimeapa, na mke wangu ni shahidi, kwamba silipi tena. Jumamosi saa mbili asubuhi Bi akaniuliza fumbo la leo liko wapi. Nikalipa nikiwa nimesimama pale kwake. Tulijaza robo tatu kabla wateja hawajawa wengi, na 8 wima ikatushinda sote wawili.

Majibu yametoka jana. Yako 26, maelezo hakuna. Nimeandika kwa ile namba: "Ndugu, 8 wima, naomba njia tafadhali." Tiki mbili za bluu tangu saa tano. Kesho nitapita kwa mahamri.