Tulivyomsafirisha baba kutoka Dar hadi Rombo, uzoefu wangu na kampuni ya mazishi

Nimekaa na hii kitu karibu miezi mitano ndo naandika leo, maana mwanzoni nilikuwa na hasira na ukiandika una hasira unaonea watu. Jina la kampuni sitaji. Ni moja ya zile ambazo vijana wao unawakuta nje ya mochwari hata machozi hayajakauka.

Baba alifia hospitali hapa Dar, Jumanne alfajiri. Sisi ni wa Rombo, kule Kilimanjaro, kwetu mzee analala kihambani kwake kwenye migomba, habari ya makaburi ya Kinondoni hata haikujadiliwa. Kufika saa nne kamati ishakaa, grupu la WhatsApp lishafunguliwa, shangazi kawa mweka hazina, mimi nikapewa jeneza na usafiri kwa sababu eti ndo nina gari.

Karatasi hazikutusumbua. Hospitali walitupa tangazo la kifo na kibali cha mazishi, na kama una akili timamu siku hiyo (mimi sikuwa nayo) toa kopi hapo hapo, kibali kinasafiri na gari na tangazo la kifo ndo unaenda nalo RITA (wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo) kufuata cheti, usajili unatakiwa ndani ya siku 30. La kwetu lilikaa ndani ya Biblia ya mama wiki mbili tunatafutana uchawi. Na kama ni Wakatoliki wenzangu, barua ya jumuiya na ya parokia ya huku mjini ibebeni mapema, padre wa kijijini ataiulizia tu.

Sasa kampuni. Kijana mpole, shati limenyooka, ana picha za majeneza kwenye simu. Akanipigia pakeji ya milioni 2 na laki 9, ndani yake jeneza, gari mpaka nyumbani, kumwosha na kumvalisha, msalaba, mashada mawili. Nikaona afadhali niweke kitu chote sehemu moja, nikatuma advansi milioni 2 palepale kwa simu. Sikuomba maandishi, na hilo ni kosa langu, nakiri.

Alhamisi mchana tumeenda kumchukua baba, jeneza fupi. Baba alikuwa mrefu, futi sita na ushee, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza urefu wake wala mimi sikuwaza kusema. Yule kijana akajaribu kuniambia "tutamkunja kidogo miguu bosi, haitaonekana" na hapo kaka yangu mkubwa ambaye huwa haongei akasema neno moja tu ambalo siandiki hapa. Wakaenda kuleta lingine, wakachukua masaa mawili na nusu, watu wamekaa kwenye turubai nyumbani wanasubiri kuaga, kwaya imeimba mpaka imerudia nyimbo. Hilo jipya vanishi haijakauka vizuri, kaka kalibeba na shati jeupe, mkono mzima umetoka na rangi ya kahawia. Alizika na shati hilo hilo.

Halafu jioni gari limeshapakiwa ndo inakuja orodha ya pili. Posho ya dereva na utingo, hela ya kulala, dawa "ya safari" wakati mochwari walishamchoma dawa. Laki 4 na 30. Nikaanza kubishana, shangazi akanivuta pembeni akaniambia "mwanangu lipa, hawa wanajua huwezi kumrudisha baba yako ndani." Tukalipa. Risiti chini imeandikwa Karibu Tena.

Lakini dereva, jamani. Mzee mmoja wa Kipare, kabla hajawasha gari akauliza "nani anakaa na mzee nyuma?" akamtandikia kaka blanketi. Tumetoka saa tatu usiku, Chalinze, Segera, kule Korogwe wote tumeshuka kunywa chai yeye kagoma kushuka, kanywea kwenye usukani, anasema gari lenye mtu haliachwi peke yake. Kosta yetu ilikuwa inabaki nyuma kila saa na alikuwa anasubiri, hana kelele. Tumefika Himo kunaanza kupambazuka, kabla ya kukata kwenda Marangu akasimamisha, akatoa ndoo na kitambaa akaanza kufuta vumbi lote la njiani, vioo, milango, mpaka rimu. Nikamwambia mzee tumechelewa. Akasema "asiingie kwao na gari chafu." Akafunga msalaba na picha mbele, akawasha hazadi, tukapanda milima taratibu kabisa, watu wa barabarani wanavua kofia.

Mwisho njia ya kihambani gari haipiti, na yeye akashika mpini wa jeneza pamoja na sisi, ile vanishi naye ikamshika.

Kwa hiyo nikiulizwa nasema hivi, pakeji yao usichukue kama haijaandikwa kwenye karatasi kitu kimoja kimoja na bei yake, na nenda na futi ya fundi. Nyota ni mbili kati ya tano, zote mbili za dereva. Namba yake ninayo, kumbe gari lile ni la bosi mwingine kabisa, kampuni huwa inalikodi tu, na ukiongea naye moja kwa moja bei inashuka.