Uzoefu wangu na GURPS Vehicles: lori letu la mezani lilivyopata uzito

Huu ni mwaka wa pili tunacheza RPG nyumbani kwangu Soweto, Mbeya, kila Jumapili tukitoka kanisani. Tuko watano: mimi nafundisha hisabati sekondari, mdogo wangu wa kike anasomea uuguzi, mafundi wawili wa gereji, na jirani aliyekuwa utingo wa Fuso kwa miaka sita. Kwa asiyeijua, ni michezo ya mezani ambayo mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na jambo likiwa na mashaka dadu ndizo zinaamua. Hadithi yetu iko hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, katika kipindi cha kubuni ambacho mafuta yameadimika na kila debe la dizeli linalindwa.

Tulikuwa na shida ya magari. Nilikuwa nasema tu "mna lori", na lori lenyewe linabeba chochote na linakimbia kadiri ninavyotaka. Siku moja wahusika walipakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, wakapanda mlima wa Kitonga usiku huku wanafukuzwa, na gari haikupungua mwendo hata kidogo. Jirani akaweka dadu chini. "Mwalimu, hiki kipande nimekipanda na mzigo zaidi ya mara mia. Gari yako haina uzito?"

Sikuwa na jibu. Wiki ile ile nikanunua GURPS Vehicles kama PDF.

Ni kitabu cha David Pulver cha kuunda magari kwa ajili ya GURPS, mfumo wa kanuni za RPG, kimetolewa na Steve Jackson Games ya Marekani. Ninalozungumzia ni toleo la pili, la mwaka 1996. Hakikupi orodha ya magari yaliyokamilika ukachague. Kinakupa njia ya kuunda chombo chochote, mkokoteni hadi chombo cha anga za juu, kwa kujumlisha ujazo, uzito, nguvu na bei. Unaanza na wazo, unapanga injini, tangi, viti na sehemu ya mzigo, unajumlisha ujazo wa vyote, ndipo unapata ukubwa wa bodi. Kutoka kwenye ujazo unapata eneo la nje: kipeuo cha tatu cha ujazo, ukipandishe kipeo cha pili, uzidishe kwa 6. Bodi yetu ilitoka futi za ujazo 1,000, kwa hiyo eneo lake ni futi za mraba 600.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika. Ukiongeza ujazo mara 8, yaani futi 8,000, eneo linafika 2,400 tu, mara 4. Na kwa kuwa bati la kujikinga na risasi linapimwa kwa eneo, gari kubwa linajikinga kwa uzito mdogo kuliko dogo ukilinganisha na kile linachobeba. Mafundi wangu walikuwa wanataka Noah ya chuma. Walipoona hesabu wakahamia kwenye Fuso wenyewe, sikuwashauri neno.

Mwendo nao una kanuni fupi: unagawa nguvu ya injini kwa uzito wa gari likiwa na mzigo, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha kwa namba inayotokana na aina ya chombo na umbo lake. Fuso yetu ina kilowati 100 na tupu ni tani 4 (tani za kitabu ni ratili 2,000). Mia gawanya kwa nne ni 25, kipeuo chake 5. Pakia magunia 45 ya kilo mia mia, tani zinafika 9, kipeuo kinashuka hadi 3.3. Theluthi ya mwendo imekwenda. Mdogo wangu, ambaye mhusika wake ni mfanyabiashara, akasema magunia yake yamefungwa lumbesa. Tukakubaliana kila moja lina kilo 140. Gari likafika tani 11, kipeuo 3. Na nikamkumbusha kwamba mizani ya Makambako iko mbele yake. Meza nzima ilinyamaza, watu wanahesabu magunia ya kushusha. Mwaka mzima wa kucheza sikuwahi kupata ukimya wa namna ile kwa sababu ya mzigo wa lori.

Jambo moja linalotuhusu sana watu wa milima sikulikuta humo: breki kupata moto kwenye mteremko. Nililitengeneza mwenyewe, na naliweka hapa kwa yeyote anayechezesha huku kwetu. Chukua lori la kilo 10,000 linaloshuka mita 300 ndani ya kilomita 5. Nishati inayotakiwa kumezwa ni megajuli 29 hivi. Ukishuka kwa kilomita 36 kwa saa unatumia sekunde 500, sawa na kilowati 59, kama pasi 59 za umeme zinazowaka ndani ya magurudumu yako kwa zaidi ya dakika nane. Ukishuka kwa 72 ni kilowati 118, nyingi kuliko injini yenyewe inavyotoa. Nimeacha upepo na matairi, lakini picha ni hiyo.

Kanuni ikawa hivi. Kila kilomita unayoshuka kwa kukanyaga breki, alama moja ya joto. Ukishuka na gia uliyopandia, hakuna alama, ila unatembea pole pole na anayekufukuza anakukaribia. Alama zikifika tano, unarusha dadu tatu dhidi ya ujuzi wako wa udereva (jumla isizidi namba ya ujuzi huo), na kila alama inayoongezeka inakupunguzia moja. Jirani alisoma, akaiongezea kitu ambacho nisingekijua: dereva anasikia harufu kabla kanyagio halijalegea. Kwa hiyo kwenye alama ya tatu mwendesha mchezo lazima aseme, "Kuna harufu." Tangu hapo nikitamka maneno hayo, watu wanashika vichwa.

Baada ya lori tuliunda kiberenge cha reli ya TAZARA, geji ya milimita 1,067, kwa ajili ya kushuka Makambako kwenda Mlimba. Kilichukua jioni moja. Lori lilichukua Jumapili tatu, kwa hiyo jiandae.

Vipimo vyote ni futi, ratili, galoni na maili. Nimetengeneza jedwali la Excel la kubadilisha (futi ya ujazo ni lita 28.3, ratili ni gramu 454) na bila hilo ningechoka. Ukienda kuprinti, angalia: kurasa ni za saizi ya Kimarekani, pana kidogo kuliko A4. Stesheneri niliyokwenda hawakupunguza, safu ya mwisho ya kila jedwali ikakatwa, nikalipa mara mbili. Waambie wapunguze ukurasa utoshee karatasi kabla hawajabonyeza.

Pia kimeandikwa kwa ajili ya toleo la tatu la GURPS. Toleo la nne lilitoka 2004, kwa hiyo anayecheza hilo atarekebisha namba baadhi, hasa za uimara. Kama hampendi hesabu, tafuteni mfumo mwepesi zaidi. Traveller, RPG nyingine iliyotoka 1977, kwa mfano, inaunda vyombo vya anga kwa kugawa tani ambazo ni nafasi, si uzito, na inatosha kabisa kwa hadithi za nyota. Lakini kwa hadithi ya lori, mzigo na mlima, nataka uzito.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibakiza kwa ajili ya breki.