Trela la jiko nililotengenezewa Mjini: mwaka mmoja wa kubeba maji

Trela hili nilitengenezewa mwaka jana na karakana moja ya hapa Mjini, Unguja, kwa shilingi milioni 6 na nusu. Mimi nauza urojo, mishkaki na chai ya maziwa, na kazi yangu ni ya kuhamahama: wiki hii niko Paje, ijayo harusini Fuoni, Julai Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, na sikukuu zote mbili Mnazi Mmoja. Gari ni pikapu ya shemeji yangu na dereva ni yeye. Karakana siitaji jina, kwa sababu walichokosea walikirekebisha mwisho wake, japo kwa kusukumwa.

Mazuri kwanza. Bodi ni madhubuti, mlango wa pembeni unafunguka juu ukawa kivuli, meza ya kukatia ni chuma kisichoshika kutu na imekaa kimo changu hasa. Fundi alinisimamisha akanipima kwa mkono kabla hajakata bati. Rafu zina kingo, kwa hivyo sufuria hazimwagiki njiani. Taa mbili zinatosha. Kwa kazi ya chuma sina lawama hata moja.

Lawama yangu ni maji.

Asiyefanya kazi hii huenda asijue kwa nini nabeba maji kutoka nyumbani. Pwani ya mashariki visima vingi vina chumvichumvi, na chai iliyopikwa kwa maji yale mteja anaitambua kwa funda la kwanza. Urojo nao ukishaharibika ladha haurudi. Kwa hivyo maji ya bomba yakitoka usiku najaza, alfajiri tunaondoka nayo. Kwa siku moja ya biashara nzuri natumia lita 200: kupika, kuosha vyombo, na wateja kunawa mikono. Nilimwambia fundi hivyo hivyo, lita 200, akanifungia tangi moja la plastiki jeupe nyuma kabisa ya trela, karibu na bamba la nambari. Nilipomuuliza kwa nini kule, akasema ni rahisi kujaza kwa mpira, na tena maji si mzigo wa kudumu, yanakwisha.

Yanakwisha kweli, lakini asubuhi yapo yote, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kilo 200 hizo ni watu watatu wamekaa kwenye ukingo wa nyuma wa trela lenye ekseli moja, yaani chuma kimoja tu cha kushika magurudumu.

Safari ya kwanza ya Paje tuliondoka tangi limejaa. Mjini hatukuhisi kitu. Tulipofika njia iliyonyooka, shemeji akaongeza mwendo kidogo, si zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na trela likaanza kutikisa mkia. Kwanza kidogo, kama mtu anayekataa kwa kichwa, halafu kila mpigo unazidi uliotangulia, na pikapu yenyewe ikawa inavutwa kushoto na kulia. Daladala lilikuwa linakuja mbele yetu. Shemeji hakukanyaga breki kwa nguvu, Mungu amjaalie. Aliondoa mguu kwenye mafuta akaushika usukani umenyooka mpaka mwendo ukashuka wenyewe. Tulisimama pembeni chini ya miembe. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, na nilimkumbuka mwanangu aliyetaka kuja nasi siku ile.

Tukafungulia bomba, tukamwaga nusu ya maji. Maji matamu, yanazama mchangani, na kule niendako kuna chumvi. Trela likatulia kiasi, tukafika.

Kilichonifumbua macho si karakana. Jirani yetu mzee ana gari ya ng'ombe, anabeba mawe na nazi toka nikiwa skuli. Kesho yake asubuhi tulijaza tangi tena, tukalichomoa trela kwenye ndoano ya pikapu ili tumwoneshe. Shingo, ule mkono wa mbele wa trela unaokaa kwenye ndoano, ikapanda yenyewe juu! Karibu impige shemeji kidevuni. Mzee akaishika kwa mkono mmoja, akaishusha na kuiachia, ikapanda tena. Akasema, "Mwanangu, mzigo wako uko nyuma ya magurudumu. Ingekuwa gari yangu hii, ng'ombe angekuwa ananing'inia, kamba inamkaba koo." Akanieleza kwamba yeye akipanga mawe huacha shingo ya ng'ombe iuhisi mzigo kidogo, isilemewe wala isiinuliwe. Ng'ombe akiinuliwa hatembei sawa, anayumba.

Ndiyo hesabu yenyewe, na wanaokokota matrela ya safari ng'ambo wanaijua kwa namba. Uzito wa shingo, yaani ule ambao trela linaukandamizia kwenye ndoano ya gari, Marekani wanataka uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Uingereza, kwa matrela yao mepesi zaidi, wanazungumzia asilimia 5 hadi 7. Ukipungua sana, trela linacheza mkia. Ukizidi, nyuma ya gari inadidimia, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani na breki vinakosa nguvu. Na kila gari na kila ndoano vina kikomo chake kilichoandikwa. Kisome kabla hujafunga kitu.

Kupima ni rahisi kuliko nilivyodhani. Nilinunua Darajani mizani ya kawaida ya kupimia watu. Tuliegesha trela mahali tambarare, tukaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha tukakata gogo la mbao la urefu wa kuifikisha shingo kwenye kimo kilekile inachokaa ikiwa kwenye gari. Gogo juu ya mizani, shingo juu ya gogo. Trela bila maji, na jiko, mtungi wa gesi na vyombo vyote ndani, lina kilo 700. Shingo ilisoma 70. Asilimia 10, safi kabisa. Tulipojaza maji haikusoma kitu, kwa sababu haikukaa.

Nikachukua utepe. Kutoka ndoano mpaka ekseli ni mita 3. Kutoka ekseli mpaka katikati ya tangi, kwa nyuma, ni mita 1 na sentimita 20. Zidisha kilo 200 kwa 1.2, gawa kwa 3, unapata 80. Yaani tangi likijaa linaiondolea shingo kilo 80, na shingo ilikuwa na 70 tu. Ndiyo maana ilipanda.

Hesabu hii niliiandika kwenye karatasi nikaipeleka karakana. Mara ya kwanza niliambiwa tatizo ni dereva. Mara ya pili niliambiwa nipunguze maji. Mara ya tatu nilikwenda na trela lenyewe limejaa, nikamwomba mwenye karakana alichomoe kwenye gari kwa mkono wake mwenyewe. Hapo hapakuwa na maneno tena. Walilihamisha bila malipo, ila bomba na viungio vipya nilinunua mimi, na kazi iliyoahidiwa siku tatu ilichukua wiki tatu. Wiki tatu za msimu, bila kuuza.

Sasa maji yamekaa chini ya meza, mbele ya ekseli kwa sentimita 30 tu. Yakijaa yanaongeza shingoni kilo 20: jumla 90 kwa trela la kilo 900. Asilimia 10 tena. Yakiisha tunarudi kwenye 70 kwa 700. Asubuhi na usiku trela linakwenda vilevile, na hilo ndilo nililokuwa nalitaka tangu mwanzo bila kujua kulisema.

Jambo jengine nililolidai safari hiyo: badala ya tangi moja la lita 200, mawili ya lita 100 yenye valvu kati yao. Tangi lililojaa nusu lina tabia mbaya. Maji yanakimbia mbele ukifunga breki, yanakimbia nyuma ukiondoka, na kwenye matuta ya Jozani, yale ya kuwalinda kima punju, nilikuwa nayasikia yakigonga ukuta wa tangi kama mtu anabisha hodi. Sasa namaliza la kwanza lote ndipo nafungua la pili. Na haya mapya ni meusi. Lile jeupe lilipitisha mwanga na ndani ya mwezi mmoja likaota utando wa kijani. Niliusugua kwa brashi ya chupa mpaka kiganja kikatoka malengelenge.

Maji machafu karakana haikuyafikiria kabisa. Maji ya kuoshea vyombo hayatoweki. Yanatoka tangi moja yanaingia jengine. Mimi nimeweka dumu kubwa la lita 100 chini ya karo, na bahati mbaya karo liko nyuma. Likijaa linaiondolea shingo kilo 40, kwa hivyo kabla ya kuondoka lazima limwagwe, na limwagwe kwenye shimo la choo la mwenyeji, si mchangani pale watu wanapoogelea. Siku za uchovu shemeji husema tutamwaga nyumbani. Simkubalii.

Pampu ya umeme waliyonifungia iliungua mwezi wa pili kwa kufanya kazi tangi likiwa tupu. Sikuirudisha. Nimeweka ya kukanyaga kwa mguu, na maji yaliyokuwa yakiisha kabla ya magharibi sasa yanafika isha, maana hakuna anayeacha pampu ya mguu ikimwaga ovyo.

Chuma cha chini kimeanza kutu pembeni kwa hewa ya bahari. Rangi ilikuwa mkono mmoja tu, nilipaka tena mwenyewe.

Kwa bodi, meza na milango nawapa nyota tano. Kwa maji mwanzoni nyota moja, na baada ya marekebisho nne. Huduma kwa mteja mbili: mtu asilazimike kurudi mara tatu kwa jambo linaloonekana kwa macho. Je, ningewapa kazi tena? Ndiyo, ningewapa, lakini mchoro ningechora mimi, na tangi ningeliweka kwenye karatasi kabla ya jiko. Shoga yangu wa Kiembesamaki ameshawaagiza lake, la juisi ya miwa. Mizani yangu iko kwake tangu Jumatatu.